Nyaya Mbili Sambamba na Dira ya Nahodha

Maongezi ya leo ni juu ya jambo dogo likitazamwa kwa macho, lakini kubwa likifikiriwa: nyaya mbili za umeme zilazwazo sambamba, na nguvu ya sumaku izizungukayo. Nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, wekeni dira ndogo karibu ikiwa mnayo, maana mengine nitakayosema hayataki kuaminiwa kwa masikio tu, bali yataka kujaribiwa kwa mikono.

Naanza na habari ya baharini. Tuseme nahodha mmoja ana chombo chenye mashine na betri ya volti 12. Atia pampu ya kutoa maji ya ngama, na taa kubwa ya mbele. Fundi apitisha waya mmoja chini ya ubao uliobeba dira, na waya wa pili, wa kurudisha umeme katika betri, aupitisha upande mwingine wa chombo, kwa kuwa ndiko alikoona njia rahisi. Mchana dira yasema kweli. Usiku, pampu na taa zikifanya kazi, dira ile ile yasema uongo, wala haina sauti ya kumwonya mtu. Nahodha ashika usukani kwa uaminifu wote, na chombo chaenda pasipokusudiwa. Hakuna kilichovunjika, wala hakuna aliyesinzia. Kosa ni la nyaya mbili zilizotenganishwa. Kabla sijamaliza nitawaonyesha kosa hilo ni la kiasi gani, na dawa yake, ambayo haigharimu kitu.

Jinsi jambo hili lilivyogunduliwa

Watu walijua habari za sumaku tangu kale, na habari za umeme vile vile, lakini wengi walidhani kuwa ni vitu viwili visivyo na udugu. Mwezi wa Aprili mwaka 1820, katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, mwalimu mmoja jina lake Hans Christian Ørsted alikuwa akifundisha wanafunzi wake. Alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na dira, sindano ya dira ilisogea. Akalichunguza jambo hilo kwa muda, na tarehe 21 Julai mwaka ule ule akatoa habari zake kwa maandishi ya Kilatini, akawapelekea wataalamu wa nchi mbalimbali.

Habari zikafika Paris. Tarehe 11 Septemba wataalamu wa huko walionyeshwa jaribio hilo. Miongoni mwa wataalamu wa mji ule alikuwako mwalimu wa hesabu, André-Marie Ampère. Yeye akajiuliza swali lililo rahisi kutamka: ikiwa waya wenye umeme wasukuma sumaku, je, nyaya mbili zenye umeme, pasipo sumaku yo yote, zaweza kusukumana zenyewe kwa zenyewe? Tarehe 25 Septemba, yaani wiki mbili tu baadaye, alikuwa na jibu, akalionyesha mbele ya wenzake: nyaya mbili sambamba zipitishazo mikondo upande mmoja huvutana, na zipitishazo mikondo pande mbili zilizo kinyume husukumana.

Basi tulifuate jambo hili hatua kwa hatua, tukianza na waya mmoja.

Uwanja wa waya mmoja

Umeme upitapo katika waya twauita mkondo, kwa mfano wa maji ya mto. Mkondo hupimwa kwa ampea, kipimo kilichopewa jina la Ampère. Kwa desturi twasema kuwa mkondo watoka katika kichwa cha jiwe la tochi, wapita katika waya, warudi katika kitako chake.

Mahali po pote ambapo nguvu ya sumaku yafika twapaita uwanja wa sumaku. Uwanja wa kipande cha sumaku watoka katika ncha moja, wazunguka nje, na kuingia katika ncha ya pili. Bali uwanja wa waya ulionyoka hauna ncha. Wauzunguka waya kwa duara, kama vile mawimbi madogo yazungukavyo mahali jiwe lilipotupwa katika ziwa. Tofauti ni kwamba mawimbi huenda nje, na uwanja wakaa pale pale maadamu mkondo wapita.

Upande wa kuzunguka wajulikana kwa mkono wa kuume. Fikirini kuwa mmeushika waya kwa mkono huo, dole gumba likielekea kule mkondo uendako. Vidole vinne vizungukavyo waya vyaonyesha upande ambao ncha ya kaskazini ya dira itasukumwa. Nasema fikirini, maana mtu asithubutu kushika waya wa umeme wa nyumbani.

Nguvu ya uwanja yategemea mambo mawili. Mkondo ukiongezwa mara mbili, uwanja waongezeka mara mbili. Umbali kutoka waya ukiongezwa mara mbili, uwanja wapungua kuwa nusu. Uwanja hupimwa kwa gausi, na kanuni ya kuukumbuka ni hii: mkondo wa ampea 10, kwa umbali wa sentimeta 1, watoa gausi 2. Kwa umbali wa sentimeta 2 ni gausi 1. Kwa sentimeta 20 ni sehemu moja ya kumi ya gausi. Mkilinganisha, nguvu ya dunia yenyewe igeuzayo sindano ya dira kuelekea kaskazini, katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, ni kama robo mpaka theluthi ya gausi moja tu. Kwa hiyo waya mdogo waweza kushindana na dunia nzima, mradi uwe karibu na dira.

Nyaya mbili, na mahali palipo katikati

Sasa simamisheni nyaya mbili kama nguzo mbili za mlango, moja magharibi na moja mashariki, kwa umbali wa sentimeta 4. Kila moja ina mkondo wa ampea 10 upandao juu. Wekeni dira katikati, sentimeta 2 kutoka kila waya. Tumieni kanuni ya mkono wa kuume. Waya wa magharibi wataka kuisukuma sindano kaskazini kwa gausi 1. Waya wa mashariki wataka kuisukuma kusini kwa gausi 1. Watu wawili wenye nguvu sawa wakivuta kamba pande mbili, kamba haiendi po pote. Vivyo hivyo hapo katikati uwanja wa nyaya hizo ni sifuri.

Lakini tokeni nje, mashariki ya nyaya zote mbili. Huko zote mbili zasukuma kaskazini, na nguvu zao zajumlishwa. Magharibi ya zote mbili, zote zasukuma kusini, nazo zajumlishwa pia. Kwa hiyo mikondo ikienda upande mmoja, katikati pana udhaifu na nje pana nguvu.

Geuzeni sasa mkondo wa waya wa mashariki, ushuke badala ya kupanda. Waya huo nao wasukuma kaskazini pale katikati. Hapo gausi 1 na gausi 1 ni gausi 2. Bali nje, moja yasukuma kaskazini na nyingine kusini, na kila mkizidi kwenda mbali ndivyo zizidivyo kuuana. Kwa hiyo mikondo ikiwa kinyume, katikati pana nguvu na nje pana udhaifu. Neno hili la mwisho lishikeni sana, maana ndilo litakalomwokoa nahodha wetu.

Kosa langu darasani

Naona haya kidogo kusimulia, lakini mwalimu asiyekiri kosa lake hufundisha kosa la pili. Zamani nilipolifundisha somo hili mara ya kwanza katika chuo cha walimu, niliwaambia wanafunzi hivi: ncha mbili za sumaku zilizo za namna moja hukimbizana, basi na mikondo miwili iendayo upande mmoja, kwa kuwa ni ya namna moja, itakimbizana. Nikaliandika ubaoni. Kisha tukafanya jaribio, na nyaya zikasogeleana. Kijana mmoja akainua mkono, akasema, “Mwalimu, mbona zinapendana?” Nikabadili nyaya, nikajaribu tena, zikasogeleana tena. Ikanibidi kufuta ubao mbele yao wote.

Kosa langu lilikuwa kuichukua sheria ya ncha na kuitia katika kitu kisicho na ncha. Duara haina mwanzo wala mwisho. Sababu ya kweli ni hii: waya wenye mkondo, uwekwapo katika uwanja wa mwenziwe, husukumwa kutoka mahali penye uwanja wa nguvu kwenda mahali penye uwanja dhaifu, kama mtu aliyebanwa na umati atokezavyo kwenye upande wenye watu wachache. Mikondo ikienda upande mmoja, udhaifu uko katikati. Basi nyaya zote mbili zasukumwa katikati, nasi twaona kuwa zimevutana. Mikondo ikiwa kinyume, nguvu iko katikati. Basi kila waya wasukumwa nje.

Na sheria ya ncha, je, imevunjika? La. Ampère alifikiri kuwa kipande cha sumaku ni kama kitu chenye mikondo midogo izungukayo ndani yake. Leo yajulikana kuwa usumaku wa chuma watoka katika elektroni zake, wala si katika mkondo kama ule wa waya. Lakini hesabu ya Ampère bado yafaa. Sasa wazeni wanawake wawili wanaokoroga vyungu viwili vilivyokaribiana, na wote wazungusha mwiko upande mmoja. Mahali vyungu vinapokaribiana, mwiko wa mmoja waenda mbele na mwiko wa mwenziwe warudi nyuma. Ndivyo zilivyo sumaku mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, ncha za kaskazini zikiwa upande mmoja: pale zinapokaribiana mikondo yao ni kinyume, kwa hiyo zakimbizana. Kumbe sheria ya nyaya na sheria ya ncha ni ndugu wa baba mmoja. Yule kijana alifaa kuuliza, maana kuuliza si ujinga.

Jaribio la kufanya nyumbani au shuleni

Tafuteni mawe mawili makubwa ya tochi, na karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula. Kateni vipande viwili vyembamba, upana nusu sentimeta, urefu sentimeta 30. Vitundikeni kwenye kijiti, vining'inie sambamba, vikiwa na nafasi ya milimeta 3 au 4 kati yake, wala visigusane wala visikazwe. Fungeni madirisha, upepo usiingie.

Kwanza, unganisheni ncha za chini za vipande vyote viwili kwa kipande cha waya kilicho chepesi. Ncha moja ya juu iunganisheni na kichwa cha mawe ya tochi, na ncha ya pili ya juu na kitako. Sasa mkondo washuka katika kipande kimoja na kupanda katika cha pili. Gusisheni kwa muda wa sekunde moja tu, nanyi mtaona vipande vikiachana katikati.

Pili, unganisheni ncha zote mbili za juu na kichwa, na ncha zote mbili za chini na kitako. Sasa mkondo washuka katika vyote viwili. Gusisheni tena kwa sekunde moja: vitasogeleana. Mwendo wake ni mdogo, lakini ni dhahiri.

Msizidishe sekunde hiyo, maana mawe na karatasi hupata moto. Wala msitumie betri ya motokaa, wala umeme wa nyumba, kamwe. Betri ya motokaa yaweza kuunguza mikono, na umeme wa nyumba huua.

Nguvu hii yapimwaje?

Nguvu ya nyaya mbili yapatikana kwa kuzidisha mkondo wa moja kwa mkondo wa pili, na kugawanya kwa umbali ulio kati yake. Mwaka 1948 mkutano wa mataifa juu ya vipimo uliifanya nguvu hii kuwa maana yenyewe ya ampea. Ilisemwa kuwa ampea 1 ni ule mkondo ambao, ukipita katika nyaya mbili nyembamba, ndefu zisizo na mwisho, zilizo mbali kwa meta 1 mahali pasipo hewa, watoa nguvu ya nyutoni 0.0000002 kwa kila meta ya urefu. Nyutoni moja ni karibu uzito wa gramu 100, kwa hiyo mwaona nguvu hiyo ni ndogo mno. Maana hiyo ilitumika kwa miaka 70 na zaidi. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ampea yapatikana kwa njia nyingine, nayo ni kuhesabu chaji ya elektroni, ambayo imewekwa kuwa kiasi kisichobadilika. Lakini nyaya hazikubadili tabia yake. Zavutana na kusukumana kama zilivyofanya mbele ya Ampère.

Nguvu hiyo ndogo hukua mikondo ikiwa mikubwa. Katika vituo vya umeme, hitilafu ikitokea, mkondo waweza kufika ampea 20,000 kwa muda mfupi. Fimbo mbili za shaba zilizo mbali kwa sentimeta 10, zikipitisha mikondo ya kiasi hicho, husukumana au kuvutana kwa nyutoni 800 kwa kila meta, karibu sawa na uzito wa mtu wa kilo 80. Ndiyo sababu mafundi huzifunga fimbo hizo kwa vishikio imara. Asiyejua sheria hii hudhani kuwa shaba yaweza kukaa kimya daima.

Na umeme wa nyumbani, ambao mkondo wake hugeuka mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde katika nchi zetu, je, huvutana mara na kusukumana mara? La. Mkondo wa kwenda na mkondo wa kurudi hugeuka pamoja. Kila wakati mmoja ni kinyume cha mwenziwe. Kwa hiyo nyaya hizo husukumana tu, ingawa kwa nguvu ndogo isiyoonekana.

Dawa ya nahodha, na mlinzi wa nyumba

Turudi baharini. Pampu na taa za nahodha zatumia ampea 10, na waya mmoja wapita sentimeta 20 chini ya dira, ukielekea kaskazini na kusini. Waya wa pili uko mbali. Uwanja wa waya ule pale penye dira ni sehemu moja ya kumi ya gausi, nao waisukuma sindano kuelekea mashariki au magharibi. Dunia yaivuta kaskazini kwa robo mpaka theluthi ya gausi. Sindano yafuata njia iliyo kati ya hizo mbili, nayo yapotoka kwa digrii kama 20. Chombo kikienda maili 30 kwa upotofu huo, chajikuta maili 10 mbali na mahali kilipokusudia kufika. Katika pwani yenye miamba na visiwa, maili 10 ni tofauti ya bandari na kuangamia.

Sasa chukueni waya wa kurudi, mulaze karibu na ule wa kwenda, umbali kati yake uwe nusu sentimeta tu. Mikondo ni kinyume, na nje ya mikondo iliyo kinyume pana udhaifu. Uwanja pale penye dira wapungua mara 40, na upotofu wa digrii 20 wawa kama nusu digrii. Msokote nyaya hizo mbili pamoja kama ukili, na hata hiyo nusu digrii hupungua sana, kwa sababu kila msokoto huharibu kazi ya msokoto ulioutangulia. Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa nyaya za simu zilizosokotwa hivyo mwaka 1881, ili maneno ya simu moja yasiingie katika simu nyingine. Basi nahodha hahitaji kununua kitu. Ahitaji fundi ajuaye kuwa waya wa kwenda na waya wa kurudi ni mume na mke wa safari moja, wasitenganishwe. Na ili kuhakikisha, chombo kikiwa kimefungwa gatini, awashe taa na pampu huku akiitazama sindano. Ikitulia, vema. Ikisogea, asing'oe nanga.

Sheria hiyo hiyo hulinda nyumba. Kuna chombo kidogo kifungwacho penye swichi kuu, ambacho ndani yake nyaya zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zapita katika pete moja. Mikondo ikiwa sawa na kinyume, uwanja katika pete ni sifuri, na chombo hukaa kimya. Lakini mtu akigusa waya wenye umeme, na sehemu ya mkondo ikapita mwilini mwake na kuingia ardhini, mkondo urudio wapungua kuliko ule uliokwenda. Sifuri yavunjika, na chombo hukata umeme kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Vingi katika hivyo hukata tofauti ifikapo ampea 0.03 tu. Kwa hiyo watu wengi hai leo, ambao hawajasikia jina la Ampère, wako hai kwa sababu mikondo miwili iliyo kinyume huuana.

Ninyi vijana wa shule, msiniamini kwa kuwa nimesema katika radio. Mimi nami niliandika uongo ubaoni, na vipande viwili vya waya vikanisahihisha. Fanyeni jaribio lile, tazameni kwa macho yenu, na mkiona tofauti na nilivyosema, ulizeni kwanza kama nyaya zenu mliziunganisha sawasawa, kisha mjaribu tena. Na yeyote kati yenu aliye na ndugu mwenye chombo cha baharini, amwulize leo: waya wa kurudi wapita wapi?

Kwaherini.